Maswali ya Wasomaji: Vitabu vya Picha, Rangi na Mikono ya Watoto

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu watoto wa kati ya mwaka 1 na 10: kuchora, kupaka rangi na kusoma vitabu vya picha. Maswali yaliyofanana tumeyaunganisha, na marefu tumeyafupisha.

Swali: Binti yangu ana miaka minne. Kila mtu anayemchora ni kichwa chenye miguu, na mikono inachomoza penye masikio. Kiwiliwili hakuna. Shangazi yake anasema nimshike mkono nimwelekeze. Nifanye hivyo? (Mama, Tanga)

Jibu: Hapana, mama. Mwachie mkono wake.

Mtu wa kichwa na miguu huchorwa na watoto wa nchi nyingi sana, kwa kawaida kati ya miaka 3 na 5, bila kufundishwa na mtu. Viktor Lowenfeld, mzaliwa wa Austria aliyefundisha elimu ya sanaa Marekani, alizipanga hatua za uchoraji wa watoto katika kitabu chake cha mwaka 1947. Mtoto huanza na mistari ya ovyo (miaka 2 hadi 4), kisha maumbo yanayoanza kufanana na vitu (4 hadi 7), kisha alama anazozirudia, nyumba ile ile na mti ule ule (7 hadi 9), halafu huja wakati anapotaka picha ifanane na kitu chenyewe. Umri huo ni wa kukadiria tu. Mtoto mmoja hukaa hatua fulani mwaka mzima, mwenzake akaipita kwa mwezi.

Binti yako anajua fika kwamba ana tumbo. Mwambie aliguse, ataligusa. Kwenye karatasi anaweka yale yenye uzito kwake: macho yanayomtazama na miguu inayokwenda. Ukimshika mkono utapata picha nzuri leo, na kesho atakuletea karatasi tupu akuambie, "Nichoree wewe."

Kinachosaidia hufanyika kabla ya karatasi. Unapompaka mafuta baada ya kuoga, taja bega, kiwiko, kitovu, goti. Siku nyingine mlaze juu ya karatasi kubwa ya kaki, mzungushie mstari kwa chaki, kisha yeye ajaze ndani anachotaka. Na akishachora usiulize "hii ni nini?", maana hapo umeshamwambia kuwa hukuitambua. Uliza, "Huyu anakwenda wapi?" au "Ameshika nini?" Ukiuliza amekula nini, usishangae tumbo likatokea hapo hapo.

Angalia na vifaa. Krayoni nene, chaki au kipande cha mkaa ni bora kuliko penseli, kwa sababu mtoto wa umri huu huchora kwa bega zima. Penseli ngumu humfanya abonyeze mpaka karatasi itoboke. Karatasi iwe A3 au zaidi, iwekwe sakafuni. Kwa rangi ya maji, brashi pana ya inchi moja inayouzwa duka la vifaa vya ujenzi inamfaa kuliko vile vibrashi vyembamba vya kwenye paketi, ambavyo nywele zake hung'oka siku ya kwanza.

Swali: Nafundisha darasa la awali lenye watoto 60. Nina vitabu vitatu tu vya picha, vidogo. Nawezaje kuvitumia kukuza ubunifu na si kukariri? (Mwalimu, Dodoma)

Jibu: Mwalimu, vitabu vitatu vinatosha muhula mzima ikiwa hukimalizi kimoja kwa siku moja.

Tatizo la kwanza ni macho. Kitabu cha ukubwa wa daftari hakionekani na mtoto aliye mstari wa nne, na asiyeona picha hupiga kelele, wala si utovu wa nidhamu. Gawa darasa mafungu matatu ya watoto 20. Fungu moja likae nawe, la pili lichore mchangani kwa vijiti, la tatu lifinyange udongo. Kila fungu dakika 15, kisha wabadilishane. Watoto wa fungu lako wakae nusu duara, safu mbili, nawe kwenye kigoda kifupi. Shika kitabu ubavuni mwako usawa wa macho yao, usikiweke mapajani. Hii ina maana lazima uwe umeyasoma maneno nyumbani mpaka huhitaji kuyatazama.

Siku ya kwanza usisome hata neno moja. Onyesha jalada na picha mbili au tatu, na utumie maswali matatu yaliyoenezwa na Philip Yenawine, aliyekuwa akiongoza elimu katika jumba la sanaa la MoMA jijini New York, pamoja na mtafiti Abigail Housen: Kuna nini kinachoendelea hapa? Umeona nini hata ukasema hivyo? Tunaona nini kingine? Swali la pili ndilo lenye kazi. Mtoto akisema "Bibi amekasirika," na wewe ukamuuliza amejuaje, ataonyesha nyusi, mkono kiunoni, sufuria iliyopinduka. Hapo amejifunza kuisoma picha.

Walimu wengi hukosea mambo mawili katika hatua hii. La kwanza ni kutosubiri. Ukishauliza, hesabu moyoni mpaka kumi, hata kama kimya kinakuchoma. La pili ni kumwambia mmoja "vizuri sana" na mwingine "hapana". Darasa zima litaacha kutazama picha litazame uso wako. Wewe rudia tu alichosema mtoto, ukionyesha kwa kidole mahali alipopataja.

Siku ya pili soma, lakini usimame kabla ya kufunua kila ukurasa wa kulia: kitatokea nini? Siku ya tatu watoto ndio wasimulie kwa kufuata picha. Siku ya nne wachore, na hapa tafadhali usiwaambie wachore sungura wa kitabuni. Wachore ukurasa usiokuwemo: nini kilitokea kabla ya ukurasa wa kwanza? Fisi alifanya nini usiku ule ambao kitabu hakikusema? Kunakili picha ni zoezi la jicho na mkono, nalo lina siku yake. Ukurasa usiokuwemo hauna mahali pa kunakiliwa.

Kutokana na michoro hiyo tengenezeni kitabu kikubwa cha darasa. Kata karatasi za manila nusu kwa nusu, nane zinatosha. Acha sentimita 6 upande wa kushoto bila picha wala maandishi, kwa sababu sehemu hiyo itamezwa na mshono. Bandika michoro ya watoto, kisha andika chini yake sentensi moja waliyoisema wenyewe, herufi zenye urefu wa sentimita 4 hivi ili zisomeke kutoka nyuma. Tumia upande mmoja tu wa karatasi, kwani wino wa makapeni hupenya. Toboa matundu matano, sentimita 2 kutoka ukingoni, baada ya kubandika utepe wa kitambaa juu ya ukingo huo. Bila utepe, matundu hupasuka ndani ya wiki mbili, hasa la juu. Funga kwa kamba ya katani, isikazwe sana, la sivyo kurasa hazitalala.

Swali: Nataka kutengeneza kitabu kamili na mwanangu wa miaka saba, siyo karatasi zilizobanwa kwa stepla. Nianzie wapi? (Baba, Mombasa)

Jibu: Anzia kwenye hesabu ya kurasa. Vitabu vingi vya picha vya dukani vina kurasa 32 kwa sababu ya mashine: karatasi kubwa huchapwa kurasa 8 kila upande, ikikunjwa inakuwa kurasa 16, na karatasi mbili za namna hiyo ni 32. Kwa nyumbani 16 zinatosha kabisa. Ni karatasi 4 za A4 zilizokunjwa katikati.

Kabla ya kukunja, pima mkondo wa nyuzi za karatasi, yaani upande ambao nyuzi zake zimelalia. Ipinde taratibu bila kuikunja, kwa urefu kisha kwa upana. Upande unaokubali kwa urahisi ndio unaofuata mkondo, na mkunjo mzuri huwa sambamba nao. A4 nyingi zina mkondo wa urefu, kwa hiyo mkunjo wa katikati utakuwa unaupinga na kupasukapasuka kidogo. Kwa karatasi nyembamba si neno. Kwa jalada la manila ni neno kubwa: kata jalada lako ili mkondo uende sawa na mgongo wa kitabu.

Kunja kila karatasi peke yake, pitisha mgongo wa kijiko juu ya mkunjo, kisha ziingize moja ndani ya nyingine. Jalada likatwe sentimita 22 kwa 31, yaani kubwa kidogo kuliko kurasa, likunjwe na kuzivika kwa nje. Fungua katikati na utoboe matundu matatu juu ya mkunjo: moja katikati kabisa, sentimita 10.5 kutoka juu, na mengine mawili sentimita 4 kutoka kila ncha. Kutoboa ni kazi yako, baba, si ya mtoto. Chukua uzi mnene wa sentimita 55 hivi. Ingiza sindano kutoka ndani kupitia tundu la katikati, nenda nje mpaka tundu la juu, ingia ndani, shuka moja kwa moja mpaka tundu la chini, toka nje, kisha rudi tundu la katikati uingie ndani. Sasa una ncha mbili za uzi. Hakikisha moja iko upande huu wa ule uzi mrefu na nyingine upande wa pili, ndipo ufunge fundo juu yake. Zikiwa upande mmoja, mshono utalegea siku chache tu.

Kwa nini si stepla? Kwa mtu wa Mombasa jibu ni hewa ya bahari. Pini hushika kutu, doa la kahawia likasambaa kwenye ukurasa wa katikati, kisha pini yenyewe ikakatika.

Mkishashona, utaona kurasa za ndani zimechomoza mbele kuliko za nje. Huo ni unene wa karatasi zilizopandana, si kosa. Punguza ukingo kwa rula ya chuma na kisu, mwisho kabisa, siyo kabla ya kushona.

Sasa picha. Msichore moja kwa moja kitabuni. Kosa moja kwenye ukurasa wa 11 likiharibu kitabu kizima, mtoto wa miaka saba hatagusa tena. Achore kwenye karatasi zilizokatwa sentimita 13 kwa 19, achague zilizompendeza, ndipo mzibandike. Gundi ya kijiti haikunji karatasi. Gundi nyeupe ya mbao inakunja ikiwa nyingi, basi paka safu nyembamba kwenye kingo tu, weka mfuko wa nailoni kati ya kurasa, ulaze chini ya vitabu vizito usiku kucha. Gundi ya unga wa ngano ni rahisi kupika, lakini kwa kitabu cha kutunzwa tunaikataa, maana mende huila pamoja na picha.

Kama mnasisitiza kuchora kabla ya kushona, kumbuka kwamba kurasa zinazokaa pamoja upande mmoja wa karatasi hujumlika kuwa 17: ukurasa wa 1 na 16, wa 2 na 15, na kuendelea. Ukurasa wa 8 na 9 peke yake ndizo jirani zinazokaa kwenye karatasi moja bila mpasuko. Picha ile kubwa ya kurasa mbili, bahari au soko au pambano, iwekeni hapo.

Na hadithi? Ukurasa wa 1 ni jina la kitabu, wa 2 ni jina la mtunzi na tarehe, hadithi inaanza wa 3. Kurasa za kulia ni witiri, na baada yake ndipo mkono unafunua. Basi swali likae kulia, jibu likae nyuma yake. "Akasikia kitu kinakwaruza mlango" iwe ukurasa wa 7, na kilichokuwa kinakwaruza kiwe wa 8. Watoto huielewa siri hii haraka kuliko wakubwa, na wakishaielewa huanza kuihesabu katika kila kitabu wanachoshika. Mwache mwanao aamue kinachokwaruza. Ukimpendekezea paka, atachora paka wako.

Swali: Rangi za dukani ni ghali na zinaisha upesi. Kuna za kutengeneza nyumbani? (Msomaji, Temeke)

Jibu: Zipo, na zina somo ambalo chupa ya dukani haina.

Kwanza kishikizi, yaani kinachoshikisha rangi kwenye karatasi, maana rangi bila kishikizi ni vumbi. Koroga vijiko viwili vya chakula vya unga wa ngano katika nusu kikombe cha maji baridi mpaka madonge yaishe. Mimina kikombe kimoja cha maji yanayochemka huku ukikoroga, pika moto mdogo dakika 3 hadi 5 mpaka uji ung'ae. Ongeza nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kwenye joto la Dar uji huu unachacha baada ya siku mbili, hivyo pika kidogo kidogo. Tone moja la mafuta ya karafuu huchelewesha ukungu.

Nyekundu ya udongo: vuruga udongo mwekundu kwenye ndoo ya maji, subiri dakika moja mchanga utue, mimina maji yenye tope kwenye chombo kingine. Yaache usiku kucha, asubuhi mwaga maji safi ya juu. Tope laini lililobaki, likichanganywa na uji wa unga kiasi sawa, ni rangi isiyopauka. Nyeusi: ponda mkaa ukiwa umeulowesha ili vumbi lisiingie kifuani, chuja kwa kitambaa chembamba. Njano: kijiko cha chai cha binzari ya manjano katika vijiko vitatu vya chakula vya maji ya moto, uchuje. Inadoa nguo, na juani hupauka haraka, kwa hiyo picha ya binzari usiitundike dirishani. Zambarau: nusu kikombe cha choya kavu katika kikombe cha maji ya moto, nusu saa.

Sasa raha yenyewe. Mpe mtoto visahani vitatu vya maji ya binzari. Kimoja kiache, kimoja tia chembe za magadi, kimoja kamulia limau. Chenye magadi kitageuka wekundu wa kahawia. Choya ikitiwa limau inawaka nyekundu, ikitiwa magadi inaelekea bluu na kijani. Magadi ashike mkubwa, yasiingie machoni. Na usishtuke choya iliyopakwa nyekundu ikikauka kuwa ya samawati: karatasi nyingi za ofisini zina chokaa ndani yake, nayo hufanya kazi ile ile ya magadi. Mtoto akiuliza kwa nini, usijibu upesi. Mpe karatasi ya kaki, ya gazeti na ya daftari ajaribu mwenyewe.

Ukipata pesa ya kununua, usinunue paketi ya rangi 12. Nunua chupa kubwa za nyekundu, njano, bluu na nyeupe. Rangi nyepesi itangulie sahanini, nzito iongezwe tone kwa tone. Anayeanza na bluu atamaliza chupa nzima ya njano akitafuta kijani. Nyeusi iacheni kabatini kwa miezi ya mwanzo, kwa sababu watoto huitumia kutia kiza kila kitu wakati bluu na kahawia zingewafundisha zaidi.

Baadhi yenu mmeuliza kuhusu rangi ya mafuta, kwa kuwa ndiyo ya Tingatinga. Ni kweli. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia rangi za baiskeli juu ya vipande vya mraba vya hadibodi. Alifariki mwaka 1972, na wanafunzi wake wakaendeleza mtindo. Lakini rangi hiyo na thina yake hutoa mvuke usiofaa kifua cha mtoto. Chukueni mpangilio, acheni rangi: mraba wa kadibodi, mandhari ya rangi moja au mbili ikauke kabisa, kisha mnyama mmoja mkubwa anayejaza mraba mpaka mkia unakunjwa ili utoshee, halafu nukta kwa ncha ya kijiti. Ule mkia kukosa nafasi ndio unaomlazimisha mtoto kubuni.

Swali: Vitabu vya kupaka rangi ndani ya mistari vinaua ubunifu? (Msomaji, Kisumu)

Jibu: Haviui, ila havifundishi kubuni. Vinatuliza mkono, na hilo linasaidia mwandiko. Kama mnacho nyumbani, mwambie mtoto aongeze kinachokosekana: nani amejificha nyuma ya mti, mvua inanyesha au jua linawaka, samaki huyu amemkimbia nani.

Swali: Mwanangu wa kiume, miaka tisa, alikuwa anachora kutwa. Sasa anafuta kila mstari na kusema hajui kuchora. (Mama, Arusha)

Jibu: Ameingia ile hatua ya kutaka picha ifanane na kitu chenyewe. Jicho lake limekua kabla ya mkono, anaona kasoro ambazo mwaka jana hakuziona. Watoto wengi huacha kuchora hapa na hawarudi tena, kwa hiyo barua yako imekuja wakati wake.

Sifa za "umechora vizuri sana" hazimsaidii, kwa sababu haamini. Anachotaka ni mbinu, na sasa ndio umri wa kumpa. Ondoa raba na penseli, mpe kalamu ya wino. Mstari usiofutika hukaa, na mstari wa pili juu yake huwa sahihi zaidi. Mwambie achore kitu kilicho mbele yake, siyo cha kichwani: kandambili iliyochakaa, birika, kufuli, nusu ya chungwa. Achore dakika tano akitazama kandambili tu, bila kutazama karatasi, jicho likitambaa ukingoni mwake pole pole. Matokeo yatachekesha, na hilo ni jema, lakini mkunjo wa kamba utakuwa umekaa mahali pake kwa namna ambayo hakuwahi kuipata.

Kata dirisha la sentimita 4 kwa 6 kwenye kadibodi, alichungulie kwa jicho moja na kuchora kilichomo tu. Watoto wa umri huu hushindwa kwa sababu wanataka kuchora mtaa mzima. Dirisha linawapa kona ya paa na waya mbili za umeme, na hiyo inachoreka.

Asipotaka kabisa kuchora, kuna mkasi. Kata katuni ya gazetini, ziba maneno kwa karatasi nyeupe, yeye aandike mapya. Au apange upya visanduku vyake: cha mwisho kiwe cha kwanza. Kuna watoto ambao ubunifu wao uko kwenye mpangilio wa kisa, na mzazi anayehesabu michoro tu hatauona.

Swali: Tunaishi Uingereza. Watoto wangu wanasikia Kiswahili lakini wananijibu Kiingereza, na vitabu vya Kiswahili huku ni adimu. (Baba wa watatu, Leicester)

Jibu: Bwana, kitabu chochote cha picha ni cha Kiswahili mradi wewe ndiye unayesimulia. Azima maktaba vitabu visivyo na maneno kabisa, au ziba maneno ya Kiingereza kwa karatasi zile za kunata zinazobanduka. Anzeni kwa "Paukwa!" na wao waitike "Pakawa!", kwa sababu mwitikio ni Kiswahili ambacho mtoto hawezi kukijibu kwa lugha nyingine. Mtoto akisema neno kwa Kiingereza, usimsimamishe. Lirudishe kwa Kiswahili ndani ya sentensi yako inayofuata, uendelee.

Kwa vitabu vyenye maneno, tovuti ya African Storybook, iliyoanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini, ina hadithi nyingi za picha kwa Kiswahili, bure, kwa leseni inayoruhusu kuchapa na hata kubadilisha. Ubora unatofautiana, na tafsiri nyingine zina harufu ya Kiingereza. Soma kwanza, sahihisha kwa kalamu, ndipo uwape. Ukichapa, chagua mpangilio wa kijitabu na ugeuzaji wa ukingo mfupi, la sivyo kurasa za nyuma zitatoka zimepinduka. Kisha fanya zoezi hili: chapa picha bila maneno, kila mtoto aandike kisa chake, mkubwa amwandikie mdogo. Picha moja, visa vitatu, na ubishi wa mezani utafanyika kwa Kiswahili kwa kuwa vitabu vyenyewe ni vya Kiswahili.

Swali: Dukani nachaguaje kitabu kizuri cha picha? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Funika maneno kwa kiganja utazame kurasa tatu. Kama picha haisemi chochote ambacho maneno hayasemi, kirudishe. "Asha ana mpira" pamoja na picha ya Asha na mpira ni kadi ya msamiati. Kitabu cha picha kina mbwa anayeunyemelea mpira huo bila kutajwa popote. Tazama nyuso: kama kila mtu anatabasamu kila ukurasa, mtoto hana la kukisia. Na ufungue katikati uangalie kama sura ya mtu imetumbukia kwenye mkunjo, dalili kwamba mchapaji hakujali.

Swali: Mdogo wao, mwaka na nusu, anatafuna na kurarua kila kitabu. Na vilivyoraruka nivibandike vipi? (Mama, Zanzibar)

Jibu: Mpe cha kitambaa. Kata mapande sita ya khanga au kitenge, sentimita 18 kwa 36, yashone mawili mawili, pande zenye picha zikitazamana ndani, acha upande mmoja wazi, geuza, ziba, kisha yapange matatu na ushone katikati. Utapata kurasa 12. Chagua mapande yenye korosho, ndege au jogoo mzima mzima, siyo vipande vya maua. Vifungo usiweke, atavimeza. Kikichafuka kinafuliwa.

Vilivyoraruka usivibandike kwa selotepu. Hugeuka njano, gundi yake ikayeyuka kwa joto na kunasa kurasa za jirani. Chana kwa mkono utepe wa karatasi nyembamba kama ile ya kufungia viatu vipya, kingo zake zikiwa na manyoya, paka gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji kidogo, ulaze juu ya mpasuko na ukandamize kati ya nailoni mpaka kesho yake.